"Zima." "Nimezima." "Toa": Mke, mume na betri za tela

Alfajiri uwanja wa tela bado umefunga milango, lakini mkokoteni wa Mama Chaji unasikika hata kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Gurudumu lake moja limepinda, na kila likimaliza mzunguko linalia. Wapangaji wakilisikia wanajua, ni wakati wa kutoa betri nje.

Kwenye tela la kwanza anainama, anainyanyua betri kwa mikono miwili na kuishika mbali na kifua, ingawa mgongo wake ungefurahi kama angeiegemeza.

"Ukiikumbatia, kesho huna gauni," anasema.

Gauni alilovaa limetobokatoboka kuanzia kiunoni hadi magotini. Anayeliona kwa mara ya kwanza hudhani ni kazi ya panya. Ni asidi ya betri, tone hapa, tone pale, miaka nenda miaka rudi.

Kwenye tela jekundu anatoka kinyozi, mswaki mdomoni. Ndani ya tela hilo ana kiti kimoja, kioo kimoja na mashine ya kunyolea inayotumia betri.

"Shikamoo Mama Chaji! Leo tafadhali, usinipikie mchuzi."

"Marahaba. Na wewe usiniletee betri uliyoitilia maji ya ndevu."

Kinyozi anacheka mpaka povu la mswaki linamdondokea kidevuni. Mama Chaji naye anacheka, ila cheko lake linaisha mapema. Anapakia betri na kuondoka. Maneno yale ya mchuzi yana kisa chake, na kisa chenyewe hakimchekeshi.

Tela hizi ni nyumba ndogo za bati zenye magurudumu, zilizoundwa kufungwa nyuma ya gari ili wenye safari zao walale popote watakapofika. Kampuni iliyojenga barabara kuu ilizileta hapa kuwalaza mafundi wake. Barabara ikaisha, kampuni ikafungasha, tela zikabaki. Mwenye uwanja alizinunua zote kwa mkupuo, na sasa anazipangisha kwa watu wasioweza kodi ya chumba cha matofali.

Ndani ya kila moja kuna kitanda, meza ya kukunja, na sinki ambalo halijaona maji tangu kampuni iondoke. Chini ya kiti kuna kisanduku cha betri. Betri hiyo ndiyo taa ya familia, ndiyo redio, ndiyo simu. Kwa kinyozi, ndiyo mkate.

Waliounda tela walitaka betri ijichaji yenyewe gari linapotembea. Lakini hizi haziendi popote. Magurudumu mengine yamezama ardhini hadi nusu, na tela moja limeota majani hadi kwenye ekseli.

"Betri ya tela inataka safari," anasema Mama Chaji. "Hapa safari hakuna. Safari yake ndiyo mimi."

Umeme wa uwanja mzima unaishia getini, kwenye mita ya mwenye uwanja. Tela la Mama Chaji ndilo lililo jirani na geti, ndilo pekee lenye waya. Amefunga turubai ubavuni mwake, na chini ya turubai kuna meza iliyoliwa na asidi na chaja mbili za zamani, nzito, zinazonguruma kama paka aliyeshiba.

Mwisho wa meza, juu ya kreti la soda lililopinduliwa, ameketi mumewe. Shati lake limefungwa vifungo vyote hadi shingoni. Ngozi ya uso, kuanzia kwenye nyusi hadi mashavuni, imevutana na kung'aa. Macho yamefumba na hayafumbuki.

Wateja wanamwita Mzee Sikio.

"Wamefika wangapi?" anauliza.

"Wanane," Mama Chaji anajibu kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika kwa mtu aliye hatua mbili tu.

Zamani walikuwa hawapungui kumi na wawili kwa siku. Kuchaji betri moja ni bei ya mikate miwili, na nusu ya fedha hiyo ni ya mwenye mita. Betri nne kupungua, si kitu kidogo kwenye meza yao ya kukunja.

Kazi inaanza. Mama Chaji anafuta kila betri kwa kitambaa kilicholowekwa maji ya magadi, kwa sababu magadi ndiyo huua asidi. Anafungua vifuniko sita vya juu, kwani betri ina vyumba sita ndani yake, na gesi ikikosa pa kutokea, betri inavimba. Anachungulia. Chumba kilichopungukiwa anakiongezea maji safi ya betri, yasiyo na asidi.

Betri moja inatoa harufu inayokata pua. Anakunja uso.

"Huyu naye katia asidi. Wanadhani ikizidi ukali ndiyo inaamka. Ni kama kumwamsha mgonjwa kwa kumpiga ngumi."

Anakohoa. Amekuwa akikohoa hivyo kwa muda mrefu, kikohozi kikavu, kifupi, kisichoomba ruhusa. Akimaliza anaendelea pale alipoachia. Anabana kibanio chekundu upande wa chanya, cheusi upande wa hasi, kisha anawasha swichi ukutani. Chaja zinanguruma.

Hapo ndipo Mzee Sikio huanza kazi yake. Anasogeza kreti, anainamisha kichwa hadi sikio la kulia linakaribia kugusa vifuniko, anatulia.

Betri inayojaa huchemka. Kwanza inatoa vijipovu vya hapa na pale, kisha vinashikana, mwisho vyumba vyote sita vinaimba pamoja. Chumba kilichokufa hukaa kimya. Mzee Sikio alikuwa akisikiliza kwa muda mfupi tu, kisha anasema, "Cha tatu hakimo," na mwenye betri anarudi nyumbani akijua ajiandae kwa habari mbaya.

"Watu walikuja na betri nzima kunijaribu," anakumbuka, na kona ya mdomo inapanda. "Mmoja alisema ni uchawi. Nikamwambia, uchawi ni wewe kunywa bia kila siku na betri huna."

Hakuanza kazi hii akiwa kipofu. Alikuwa fundi wa kampuni ile ya barabara, akitunza betri za tela hizi hizi. Kampuni ilipoondoka, akabaki na chaja alizoachiwa badala ya mshahara wa mwisho. Mkewe alikuwa akiuza mitumba sokoni.

Siku ajali ilipotokea, mteja mmoja alikuwa na haraka. Fundi alikuwa ameinama juu ya betri akiangalia maji. Mteja akaona betri yake inachemka, akasema imetosha, akanyoosha mkono na kuchomoa kibanio bila swichi kuzimwa. Ikaruka cheche ndogo kama ya kiberiti. Gesi iliyojaa juu ya betri ikashika.

"Nilisikia mlio, nikasikia maji usoni," anasema Mzee Sikio. "Nikafikiri, nani kanimwagia maji ya moto? Basi. Hicho ndicho kitu cha mwisho nilichokiona, mkono wa mtu mwenye saa nzuri."

Mwenye mkono huo hakurudi, hata kuichukua betri yake.

Hospitalini walijitahidi, macho yakashindikana. Daktari aliwaambia pia kwamba ngoma ya sikio la kushoto imepasuka, na la kulia limetikisika. Alitunze. Siku zile hakuna aliyejali habari ya masikio. Nani ataulizia masikio mtu anapopoteza macho?

Mama Chaji aliacha mitumba. Mumewe alimfundisha kazi yote akiwa amekaa, kwa mdomo na kwa mikono, akimshika vidole na kuvielekeza. Sheria ya kwanza aliyomfundisha ndiyo wanayoifuata hadi leo. Hakuna mtu mwingine anayegusa vibanio. Na kabla vibanio havijaguswa, mzee husema, "Zima." Mkewe anazima na kujibu, "Nimezima." Yeye husema, "Toa." Hapo tu ndipo kibanio kinatoka.

Watoto wa uwanjani wameugeuza mchezo. Wakicheza kukimbizana, anayeshikwa anaambiwa zima, naye anapiga kelele, nimezima, toa!

Betri ya kinyozi iliharibika msimu uliopita wa mvua. Ilikaa kwenye chaja tangu asubuhi. Mama Chaji alikuwa akirudisha betri za wengine. Aliporudi mara ya kwanza aliuliza, "Vipi ya kinyozi?" Mumewe akainamisha kichwa, akasikiliza. "Bado kidogo." Akarudi mara ya pili. "Bado kidogo." Mara ya tatu aliikuta betri imevimba mbavu, ina moto haishikiki, na ndani ya vyumba maji yamekauka hadi mabamba ya madini ya risasi yanaonekana.

"Ilikuwa inachemka kama sufuria la harusi," anasema kinyozi, akiwa kwenye tela lake na wembe mkononi. "Mimi niliisikia nikiwa getini! Nikasema mbona huyu mzee amekaa tu?"

Mwaka mzima alikuwa ameiwekea akiba betri ile. Hakudai kulipwa. Lakini ana mdomo, na habari ya betri iliyopikwa kama mchuzi ilizunguka tela zote kabla ya jua kuzama. Wateja wanne walianza kupeleka betri zao kwenye kituo cha mafuta, mbali, kwa baiskeli.

Kinyozi ndiye pia aliyemvuta Mama Chaji pembeni.

"Mama, mimi namnyoa yule mzee. Nikimuuliza kitu nikiwa nyuma yake, hajibu. Nikihamia mbele anajibu. Nilidhani ananidharau. Sasa nadhani hanisikii."

"Nilimkasirikia," anasema Mama Chaji. "Nikamwambia, wewe shika wembe wako. Nikaondoka. Lakini maneno yake niliondoka nayo."

Kesho yake, badala ya kuuliza, alijaribu. Mumewe alisema, "Zima." Akazima. Akasema, "Nimezima," kwa sauti yake ya kawaida, ile waliyotumia miaka yote.

Mumewe hakusema kitu. Alikuwa amegeuza uso kwake, anasubiri.

"Nimezima," alirudia. Kimya. Akasema kwa nguvu, na hapo ndipo likaja jibu, "Toa. Mbona unapiga kelele, mama?"

Tangu siku hiyo Mama Chaji anafanya kazi mara mbili. Alinunua kipimio cha kioo, kile cha mpira juu na chelezo ndani, kinachonyonya maji ya betri na kuonyesha kama yana nguvu. Anakificha kwenye mfuko wa aproni. Mumewe akiinamisha kichwa kusikiliza, yeye anapima taratibu upande wa pili. Kisha anasubiri.

Mumewe akisema "Tayari" na kipimio kinakubali, vizuri. Akisema "Bado" na imejaa, Mama Chaji hujitia ana shughuli karibu na swichi, kisha anasema kwa sauti kubwa, "Mzee, hebu sikiliza tena." Anasikiliza tena. "Aa, sasa imejaa."

"Ni kazi inayochosha moyo," anasema akiwa mbali, akisukuma mkokoteni. "Kumdanganya mtu mchana kutwa, mtu asiyeona."

Anajua hatari yake. Gesi ile ile iliyomla macho mumewe inapanda chini ya turubai kila siku, na ukuta wa tela lao ni bati na mbao kavu. Betri moja ikiachwa ikachemka kupita kiasi, na cheche moja. Halafu basi.

Dukani mjini kuna chaja mpya inayojizima yenyewe betri ikijaa. Mama Chaji ameshaishika kwa mikono yake. Bei yake ni karibu kodi ya tela ya miezi minne, na sehemu kubwa ya fedha hiyo anayo tayari, kwenye kopo la maziwa ya unga chini ya godoro. Lakini anaipita dukani kila wiki.

"Nikiileta, yeye atafanya nini?" anauliza. "Huyu mtu ana kreti lile na sikio lile. Nikimnyang'anya, nimwache kwenye giza akisikiliza nini? Na kusikia kwenyewe hasikii."

Siku ya mahojiano haya, jua limepanda, betri nne ziko mezani. Mama Chaji anazunguka nyuma ya mumewe, anainama kupima. Anaporudi upande wa swichi, aproni yake inapita karibu na goti la mzee.

Mzee Sikio ananyoosha mkono na kuushika mfuko.

"Hiki kioo," anasema, "kinanigonga goti kila ukipita. Kitoe bwana, kitakuvunjikia."

Mama Chaji anabaki amesimama.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu ulipokileta. Mimi ni kipofu, si gogo."

"Na hukusema!"

"Wewe ulisema? Unanipigia kelele siku hizi kama mnada. Unadhani sijui kwa nini mtu anapigiwa kelele?"

Chaja zinanguruma. Mpangaji mmoja aliyekuja kuchukua betri yake anaona ni afadhali akasubiri nje ya geti. Mama Chaji anatoa kipimio na kukiweka mezani.

"Ungekufa," anasema. "Ungetuua wote, kwa aibu yako hiyo. Betri ya kinyozi ilikuwa inachemka, mzee, inachemka! Mtu kaisikia getini! Na wewe unaniambia bado kidogo."

"Nilikuwa nasubiri niisikie."

"Ungeniambia."

"Nikuambie nini? Kwamba na hili nalo limekwenda?" Anagusa sikio la kulia. "Nilikuwa nasema labda ni mvua inapiga turubai. Mvua ikaisha, nikasema labda ni mafua. Nikaishiwa visingizio."

Mama Chaji anakaa chini, juu ya betri isiyo na kitu, jambo ambalo mteja yeyote akilifanya humfukuza.

"Inunue hiyo mashine," mumewe anasema mwishowe. "Ya kujizima. Nasikia... naambiwa ipo mjini."

"Nani kakuambia?"

"Kinyozi. Anaongea mbele yangu siku hizi. Kaniambia unaishikashika dukani kama kitambaa cha sikukuu, halafu unaiacha."

Mama Chaji anacheka bila kupenda, kicheko kinageuka kikohozi, na kikohozi kinachukua muda. Mumewe hakisikii vizuri, lakini mkono wake uko begani mwa mke, na unapanda na kushuka nacho.

"Hicho kikohozi ni kikubwa kuliko ulivyoniambia," anasema.

Mkewe anafuta mdomo kwa aproni.

Kisha anamshika mkono, kama mzee alivyomshika yeye zamani, na kuulaza juu ya betri iliyo karibu. Anavipanga vidole sita, vitatu vya mkono huu na vitatu vya mkono ule, kila kidole kwenye ukingo wa chumba chake.

"Inachemka," anamwambia sikioni. "Unapata nini?"

Mzee Sikio anainamia vidole vyake. "Inatetemeka. Kidogo sana. Kama simu iliyo mfuko wa mtu mwingine."

"Chumba kipi kimekufa?"

Anakandamiza kidole kimoja kimoja. Jasho limemtoka juu ya mdomo. "Cha pili."

Mama Chaji anachukua kipimio na kupima vyumba vyote sita waziwazi, bila kuficha. Anarudia. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumwambia mumewe kwamba amekosea.

"Si cha pili," anasema. "Ni cha nne."

Uso wa mzee unakaza. Vidole vinabaki palepale, kisha kimoja kinarudi kwenye chumba cha nne na kukandamiza.

"Hiki?"

"Hicho."

"Subiri nikishike vizuri."

Mpango wao sasa ni huu. Msimu huu ukiisha na wateja wanne wakirudi, hata wawili tu, Mama Chaji atainunua chaja inayojizima. Itajizima betri ikijaa, lakini haitamwambia mtu ni chumba kipi kimekufa, na hiyo, anasema, itabaki kazi ya mumewe, kama vidole vitakubali. Akipata nafasi ataenda kupima kifua. Mumewe amemwapisha aende kabla ya kununua mashine. Yeye amesema atafikiria.

"Sijui kama vidole vitaweza," anasema Mama Chaji. "Sitaki kukudanganya, nimedanganya vya kutosha. Ila leo kakosea, nimemwambia, na bado amekaa pale. Nilidhani atainuka aingie ndani asitoke."

Hajainuka. Betri ya kinyozi, ile mpya aliyonunua kwa mkopo, ndiyo ya mwisho mezani. Vidole vya mzee viko juu yake. Kinyozi mwenyewe amesimama karibu na turubai, safari hii kimya, mikono nyuma.

"Zima," anasema Mzee Sikio.

Mama Chaji anabonyeza swichi. Ngurumo inakatika. Anafungua mdomo kujibu, kisha anaufunga. Anainama na kumgonga mumewe gotini, mara mbili.

Mzee anageuza uso upande wake.

"Toa," anasema.